Magurudumu ya Ndala

Majina yao ninayo yote. Niamshe usingizini, nitakutajia kila mtoto aliyekuwa na gari siku ile, na mama yake, na bibi mzaa mama yake, mpaka kijiji walichohama. Lakini hapa sitaji jina la mtu. Watu wenyewe wazima, wanapita mlangoni kwangu kila asubuhi na ndoo zao, na mtu hapendi kukuta jina lake limekaa mahali ambapo hakuliweka mwenyewe. Nitasema mjukuu wangu, mjomba wake, mtani wangu na mjukuu wa mtani, na yule kijana seremala. Hao wanatosha.

Mjukuu wangu aliletwa kwangu hapa Mtawanya kutoka Mpapura, baada ya arobaini ya mama yake. Mama yake ni binti yangu, wa mwisho kuzaliwa na wa kwanza kuondoka. Mtoto alishuka kwenye bodaboda amekumbatia furushi la kanga, akaingia, akaliweka nyuma ya mlango, akakaa kando yake. Nguo zake za kuvaa zilikuja kwenye begi, hizo alizitoa, akazivaa. Furushi hakulifungua. Nilimwambia, "Mke mwenzangu, toa vitu vyako tuvipange." Ndivyo ninavyomwita, maana babu yake, hata kama yuko kaburini, ni mume wake kama alivyokuwa mume wangu, na utani wa bibi na mjukuu haufi kwa sababu mzee amekufa. Akanijibu, "Viko sawa, Bibi." Basi.

Wali anaugusa, hali. Akitumwa anakwenda, akirudi anakaa palepale nyuma ya mlango. Usiku hakulia hata siku moja, na hilo ndilo lililonitisha. Mtoto anayelia unajua pa kumshika.

Kwetu sisi Wamakonde, mtoto ni wa mjomba. Baba yupo, ana heshima yake, na baba wa huyu ameoa kwingine, hatumlaumu. Lakini neno la mwisho juu ya mtoto wa dada hulisema mjomba. Na mjomba wake ni mwanangu mkubwa, dereva wa malori ya korosho yanayoshusha bandarini. Mtu wa maneno machache. Akisema kesho, ni kesho.

Alikuja siku shule zilipofungwa, akasimama mlangoni, akamtazama mtoto, akamtazama tena. Tukatoka nje.

"Mama, huyu anakauka kama makopa ya muhogo."

"Ana msiba, baba."

"Wote tuna msiba. Hali, hasemi, hachezi na mtu. Januari nampeleka bweni, Masasi. Kule kuna watoto wenzake, kuna walimu wa kumwangalia."

"Chakula cha mkono wangu hali, ndiyo atakula cha foleni?"

"Ndiyo tumwache hivihivi?" Alikuwa anazungusha funguo za lori kidoleni. "Haya. Nakupa likizo hii. Nitakuja siku za mwisho mwisho. Nikimkuta bado yuko nyuma ya mlango na furushi lake, naondoka naye, na usinililie."

Nilikaa na maneno hayo kama mtu aliyemeza mfupa. Alisema kweli. Lakini binti yangu nilikuwa nimeshamzika. Huyu naye akipanda gari kwenda Masasi na furushi halijafunguliwa, nani angenirudishia?

Hapa jirani kuna kijana seremala, anatengeneza vitanda na milango. Huyu amekusanya watoto wa mtaa, wavulana kwa wasichana, anawafundisha kutengeneza magari madogo ya mbao. Si haya ya makopo ya kuvuta kwa kamba. Haya ni ya mashindano. Wanaegemeza milango miwili mibovu juu ya rundo la paleti, zile mbao za kubebea mizigo zinazotupwa bandarini, wanaunganisha, unakuwa mteremko. Magari mawili yanaachiwa juu, yanashuka yenyewe, la kwanza kupita kamba limeshinda. Sheria zake ni kama za shehe: kila mtu atengeneze kwa mkono wake, na cha kununua marufuku. Mbao za mabaki, spoki za baiskeli iliyokufa zinakaa katikati ya magurudumu, na magurudumu yenyewe ni ya ndala kuukuu zilizokatwa duara.

Nilimtuma mjukuu wangu kwa seremala akaniletee takataka za randa za kuwashia moto. Akachelewa. Nikajifunga kanga ya pili nikamfuata. Nikamkuta amechuchumaa, ana tupa ya fundi mkononi, anasugua kipande cha mbao, vumbi limemjaa kwenye nyusi.

Nikataka kumwita. Seremala akaweka kidole mdomoni pake, akaja taratibu. "Bibi, mwache. Ana mkono huyu."

Moto siku ile niliuwasha kwa makuti.

Tangu hapo alikwenda kila siku. Kusema bado hakusema sana, lakini alirudi na njaa, na mtu mwenye njaa ana nia ya kuishi. Gari lake lilikuwa refu, bapa mbele kama mdomo wa bata. Nikaanza kuhesabu moyoni: labda mjomba atakuja amkute na msasa mkononi.

Sasa, huko Mpapura watu wana desturi ya kupaka milango mafuta meusi yanayotoka kwenye maganda ya korosho. Mchwa hawayasogelei. Mama yake alikuwa akipaka miimo ya nyumba yao kila mwaka, na mtoto anamshikia kopo. Kwa hiyo kwake yeye mafuta ya mbao ni hayo. Mimi nilikuwa nakaanga korosho zangu kwenye bati, maganda yanachuruzika, naye akakinga kopo pembeni bila kuniambia, akalipaka gari lote. Likawa jeusi, linang'aa kama mpingo. Na ili likimbie zaidi, akayatia pale kwenye matundu ya spoki.

Mbanguaji yeyote angemwambia. Mafuta yale yanaunguza ngozi, sisi tunajipaka majivu kwanza ndipo tunashika. Na yakikaa yananata. Lakini mtoto alitaka kunishangaza, nami nilikuwa nimempa mgongo.

Jumamosi ya majaribio nilikwenda kutazama, nikakaa na kina mama wengine. Akalipandisha gari lake jeusi, watoto wakasema, "Wee, kali hiyo!" Likaachiwa. Likashuka kidogo, likapunguza, likayumba upande mmoja, likasimama katikati ya mteremko kama mbuzi aliyekataa kuvuka daraja.

Vicheko. Na katika vicheko ikapanda sauti ya mjukuu wa mtani wangu, binti wa umri wake, mdomo wake hauna kufuli: "Limechoka! Tazameni, linachechemea kama mama yake!"

Niseme hapa kwamba binti yangu alikuwa na mguu mmoja mfupi kidogo, tangu utotoni. Alitembea akiinama upande, na mtaa mzima walimjua kwa mwendo ule kabla hawajaona uso.

Mjukuu wangu hakumrushia mtu jiwe. Angefanya hivyo ningepumua. Alishuka, akaliacha gari palepale, akaenda zake nyumbani. Nilipofika nilimkuta amekaa barabarani mbele ya nyumba, furushi mapajani.

"Bibi, mpigie mjomba."

"Nimwambieje?"

"Nakwenda bweni. Leo."

Kumbe alikuwa amesikia yote tuliyosema na mjomba wake. Nikakaa naye pale pale kwenye mchanga. Nilikuwa naogopa neno la mjomba, sasa nimelipata kinywani mwa mtoto mwenyewe. Nikaona vidole vyake, vimebabuka, vyeusi. Nikasema, "Nitampigia. Lakini siwezi kumkabidhi mtu mwenye vidole hivi, atasema nimekuchoma. Njoo nikupake."

Akakubali, tukaingia ndani. Nikachukua mafuta ya nazi, nikashika kidole kimoja kimoja, bila haraka, maana kila kidole kilikuwa kinanipa muda.

"Wale watu wanatuchukia," akasema.

"Watu gani?"

"Wale. Bibi yake yule msichana alimcheka mama. Kwenye msiba. Alivaa kanga ya mama na ndala zake, akatembea uani, watu wakacheka. Mama hata hajazikwa." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nilimnyang'anya ndala."

Nikaacha kupaka. Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa nyuma ya mlango wangu miezi yote ile. Mtoto aliona utani, akaona dhihaka. Hakuna aliyemweleza. Sisi wakubwa utani tunaupumua, tukasahau kwamba mtoto aliyefiwa haoni mtani, anaona mtu amevaa nguo za mama yake anachekesha watu.

Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia, mlangoni ikapigwa hodi.

"Hodi nyumba ya wachawi!"

Mtani wangu mwenyewe. Ameshika lile gari jeusi kwa pembe ya kanga, ameliinua mbali na mwili kama panya aliyeoza.

"Karibu, mla panya," nikasema, maana ndivyo tunavyowatania watu wa kabila lake. "Nani kakufungulia kamba leo?"

"Nimekuleteeni maiti yenu. Nyinyi Wamakonde hata gari la mbao mnaliua. Vidole vyangu vimeanza kuwasha, kesho nikifa mtanilipa."

"Tukulipe nini? Wewe unauzika?"

"Ningekuwa siuziki nisingeolewa mara tatu. Wewe mmoja tu huyo, na alikuja kwa makosa."

Nikacheka, sikuweza kujizuia. Mjukuu wangu akanitazama, akamtazama yule mama, akanitazama tena, kama mtu anayeona wagomvi wanalishana ugali. Mtani akaona macho yale. Ana akili mwanamke huyu, pamoja na mdomo wake. Akaliweka gari chini, akakaa jamvini, mzaha ukamtoka usoni.

"Bibi yako hajakwambia? Mama yako nilimwosha mimi, kwa mikono hii. Na siku ile uani nilipomwiga mwendo wake, nilikuwa nalia humu ndani mpaka kifua kinauma. Ndiyo kazi yetu watani. Wote wakilia, nani atawakumbusha alivyokuwa akitembea? Watu hawakucheka kwa kumdharau. Walimwona. Hebu niambie, hukumwona?"

Mtoto akavuta kamasi.

"Nilimwona," akasema.

"Basi. Na mjukuu wangu leo kakutania kwa sababu wewe ni wake. Asiye wako humtanii, unamwamkia tu unapita. Siku nikifa mimi, wewe ndiye utakayevaa magauni yangu uwachekeshe, na usipofanya vizuri nitafufuka." Kisha akarudisha sauti yake ya siku zote. "Lakini ndala zile unadaiwa. Mtani akishachukua kitu cha msiba ni chake. Zilete!"

Akanyoosha mkono. Mjukuu wangu akalikumbatia furushi.

"Sikupi."

"Eti nini?"

"Sikupi," akasema, halafu akameza mate, akanitazama mimi kama anayeomba ruhusa, "mla panya."

Yule mama alijipiga kofi la goti akaanguka ubavu kwa kicheko, anasema, "Amepona! Amepona mchawi mdogo!" Mimi nilicheka huku machozi yananitoka. Na mtoto akaanza naye, kicheko chembamba kwanza, kisha kikageuka, akalia. Akalia kilio chote alichokuwa amekifunga humo tangu Mpapura. Tulimwacha alie katikati yetu, sisi vikongwe wawili, kila mmoja ameshika bega.

Neno la bweni halikutajwa tena siku ile. Nami sikupiga simu.

Kesho yake seremala alituonyesha cha kufanya. Spoki zilitolewa, matundu yakasafishwa kwa kitambaa na mafuta ya taa, yakatiwa unga wa mkaa badala ya mafuta. Lakini magurudumu yalikuwa yameharibika, mpira umelainika na kuvimba. Nikatoa ndala zangu. Akazibonyeza, akacheka: "Bibi, hizi laini kama chapati." Kweli, za siku hizi hazina mwili. Za dukani marufuku. Seremala akasema, "Tafuta zile ngumu za zamani. Zipo bado kwenye nyumba za watu."

Tulirudi nyumbani. Nilikuwa uani nachambua mchele niliposikia kitu kama kanga inakung'utwa. Nikachungulia. Alikuwa amelifungua furushi sakafuni. Ndani mlikuwa na kitana, chupa ya mafuta ya nywele iliyobaki robo, na ndala mbili za bluu, ngumu, za miaka mingi.

Ya mguu mfupi ilikuwa imelika upande mmoja mpaka karibu kutoboka, na mahali pa kisigino pamezama. Ya pili nzima. Mtoto alizigeuza geuza. Mimi nikarudi kwenye mchele wangu, kwa sababu jambo lile halikutaka mtu wa kutazama. Baadaye akaja na kisu na ile ndala nzima.

"Bibi, nishikie hapa, isiteleze."

Nikashika. Akachora duara kwa kifuniko cha chupa, akakata.

Siku ya mashindano, mwanangu alikuja. Sikumwita. Likizo ilikuwa inakwisha, na alisema atakuja. Alikuta nyumba imefungwa, mtu akamwelekeza uwanjani. Nilimwona anakuja na kofia yake ya kazini. Furushi nilijua halipo tena nyuma ya mlango, lakini mwanangu haamini maneno, anaamini anachokiona.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Mtafute," nikamwambia.

Alitafuta kwanza pembeni, kwa watoto waliokaa peke yao. Hakuwepo. Alikuwa juu ya paleti, mikono kiunoni, anabishana. Lile gari jeusi amelichora maneno meupe ubavuni kwa chokaa: MTANI PISHA.

"Wewe gari lako lina matege!" alikuwa anamwambia mjukuu wa mtani.

"Na lako limepakwa masizi ya sufuria!"

"Afadhali masizi. Lako linanuka panya!"

"Leo utalia, Mpapura!"

"Nilishalia. Zamu yako."

Mwanangu akasimama. Nikamwona anavua kofia, anaivaa tena.

Seremala akainua ubao uliozuia. Magari yakashuka pamoja, nasikia bado ule mlio wa spoki kwenye mbao, tararararara. Jeusi likatangulia. Watoto wanapiga kelele, na mimi, mtu mzima, nimesimama naita, "Kimbia mama! Kimbia!" na sijui nilikuwa namwita nani. Karibu na kamba lile la mjukuu wa mtani likaja, likaja, likapita kwa upana wa kidole.

Mjukuu wa mtani akaruka juu. Wangu akatupa mikono: "Hapana! Fundi, hapana! Kamba ilikuwa imelegea upande wake! Rudia!" Akamfuata seremala, anamwonyesha mchanga, anapima kwa shibiri, anaitwa mkorofi na hajali. Mtani wangu mkubwa naye hakubaki nyuma. Alimjia mwanangu kwa nyuma, akamnyakua kofia kichwani. "Mmeshindwa, hii ni fidia!" Mjukuu wangu akaona. Akaacha ubishi wake, akakimbia, akairukia ile kofia, wakavutana, watu hoi. Akaipata. Akaja nayo mpaka mbele ya mjomba wake, anahema, ana chokaa kwenye pua.

"Shikamoo mjomba. Kofia yako. Hawa watu usiwape kitu, wanachukua mazima."

"Marahaba," mwanangu akasema. "Umeshindwa?"

"Nimeibiwa! Tunarudia. Wewe umeona, si umeona? Njoo useme kwa fundi."

Akamshika mkono akamvuta, na dereva wa malori makubwa ya korosho akaenda, akainama kwenye mchanga kutazama kamba ya mtoto.

Walirudia. Akashindwa tena, na safari hii hakubisha. Alimwambia mwenzake, "Wiki ijayo," wakaenda wote wawili kugombania mahindi ya kuchoma.

Tuliporudi mwanangu alitembea nami polepole. Mimi sikuuliza. Nilijua nikiuliza mapema atajiona amelazimishwa. Tulipofika mlangoni alichungulia nyuma ya mlango. Palikuwa na ufagio. Kanga ya furushi ilikuwa kwenye kamba uani, imefuliwa.

Akanywa maji. Akakaa. Ndipo nikasema, "Na lile la Masasi?"

"Mtoto anayegombana na watu hivyo," akasema, "hana safari." Akasimama, akatikisa funguo za pikipiki aliyokuja nayo. "Mama, zile paleti zao zimeoza. Zitamvunja mtu mguu. Nitashusha nyingine nikipita na lori. Mwambie seremala."

Akaondoka. Niliusikiliza mlio wa pikipiki yake mpaka ukapotea upande wa mjini.

Ile ndala iliyolika iko chini ya kitanda chetu, upande wake. Nilimuuliza siku moja kama ataikata ikawe magurudumu ya akiba. Akasema, "Hiyo hapana, Bibi. Hiyo ina mguu wake."

Siku ile, baada ya mwanangu kuondoka, nililala kwenye jamvi mchana kweupe, mlango wazi, watoto wanapiga kelele nje, na sauti yake ni mojawapo. Nilisinzia mpaka adhana ya alasiri ikaniamsha. Tangu msiba sikuwa nimelala hivyo.